Nchi Inayozaliwa Majini, na Jina Lililoandikwa Kwanza



Ninyi mlio katika skimu mnajua maana ya kuhamia shamba jipya. Ninyi wenyewe, au baba zenu, mlifika na sufuria, godoro na mbuzi wawili watatu, mkaonyeshwa kigingi cha mpaka, mkaambiwa, "Hapa ndipo kwenu." Lakini angalau udongo wenyewe ulikuwapo. Ulikuwapo kabla ya setla, na kabla ya babu zenu. Mwezi huu nataka kuwaeleza habari za wakulima wa skimu walio mbali sana na sisi, ambao walihamia katika ardhi ambayo babu zao hawakupata kuiona, maana siku za babu zao mahali pale palikuwa bahari.

Wilaya yao inaitwa Noakhali, nayo iko kusini ya nchi ya Bangladesh, kwenye pwani ya Ghuba ya Bengal. Mimi sijavuka bahari kwenda huko. Nimezisoma habari zao kwa sababu kazi yangu ni ya karatasi, na mambo ya Noakhali kwa sehemu kubwa ni mambo ya karatasi, kama mtakavyoona.

Kwanza tutazame nchi yenyewe. Wakati wa mvua kubwa chota maji ya mto katika gilasi, uyaache mezani usiku kucha. Asubuhi utakuta maji yametulia juu, na chini pana utando wa tope. Sasa fikiri mito mitatu mikubwa, Ganga, Brahmaputra na Meghna, ambayo miwili ya kwanza inatoka katika milima ya Himalaya, yote ikikutana na kuingia baharini kwa mdomo mmoja mpana. Kila mwaka mito hiyo huchukua tope la kiasi cha tani bilioni 1. Maji yakifika baharini mwendo wake hupungua, tope linazama, na mahali penye utulivu linarundikana mpaka siku moja, wakati wa maji kupwa, wavuvi wanaona mgongo wa matope umejitokeza. Watu wa huko huuita mgongo huo char. Baada ya miaka michache majani huota juu yake. Baadaye watu wa misitu hupanda miti ya keora, ambayo ni jamaa ya mlilana wa mikoko ya pwani yetu. Kazi hiyo ya kupanda mikoko ilianza mwaka 1966. Mizizi hukamata tope, ardhi hupanda na kukaza, na baada ya miaka kama ishirini pale palipokuwa na samaki panaweza kulimwa mpunga.

Lakini mto unaotoa ndio mto unaonyang'anya. Mji wa zamani wa Noakhali, uliokuwa makao makuu ya wilaya, ulimezwa na maji katika miaka ya 1940, misikiti, mahakama na maduka yote, ikawa lazima makao yahamishiwe Maijdee, bara zaidi. Halafu mwaka 1957 na tena mwaka 1964 Serikali ya wakati huo ilijenga matuta makubwa ya kukata mikondo ya Meghna, na nyuma ya matuta hayo tope likajaa upesi, zikapatikana ekari maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo bahari ya zamani sasa ni mashamba, na mji wa zamani sasa ni maji. Mtu wa Noakhali akikwambia kwamba amezaliwa mahali fulani, yafaa umwulize kama mahali hapo pangalipo.

Tena watu ni wengi mno. Kaunti yetu ya Nyandarua, yenye skimu nyingi zilizoanza mwaka 1962 na kuendelea, ina eneo la kilomita za mraba 3,245, na hesabu ya mwaka 2019 ilikuta humo watu karibu 640,000. Noakhali ina eneo la kilomita za mraba 3,600 hivi, na hesabu ya mwaka 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 3 na nusu. Wengi ni Waislamu, na Wahindu wako pia. Wana lafudhi yao ya Kibengali ambayo watu wa mji mkuu, Dhaka, hupenda kuichekea. Wanajulikana kote kwa kusafiri kutafuta riziki: vijana wao utawakuta bandarini Chittagong, na utawakuta Omani na Saudia wakijenga majumba ya watu wengine. Likumbukeni jambo hilo la wanaume kusafiri, maana nitalirudia.

Mvua yao ni kama milimita 3,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa inanyesha kati ya Juni na Septemba. Msioneeni wivu. Mvua ikikatika, jua linavuta chumvi kutoka chini ya udongo mpaka juu, na shamba la char lisilo na tuta huonekana jeupe kama limemwagiwa unga. Hupati humo ila zao moja la mpunga wa masika, tena mpunga mrefu wa kienyeji unaovumilia chumvi lakini hauzai sana. Halafu kuna tufani. Usiku wa tarehe 12 Novemba 1970, wakati wa kuvuna, tufani ilisukuma bahari juu ya visiwa na char za pwani hiyo. Waliokufa hawakupungua 300,000. Miongoni mwao walikuwamo vibarua waliokwenda kuvuna, wamelala katika vibanda vya nyasi juu ya ardhi iliyoinuka futi chache tu kutoka baharini. Tufani nyingine ya Aprili 1991 iliua watu karibu 138,000 katika pwani hiyo ya mashariki.

Sasa utauliza, ni nani anayekubali kwenda kukaa mahali kama hapo? Jibu ni rahisi: ni yule ambaye shamba lake limeliwa na mto. Jamaa nyingi katika char zilikuwa na mashamba yao Hatiya, au Bhola, au Ramgati, na mto ukayachukua. Wako waliohamishwa na maji mara tatu na mara nne. Wakisikia kwamba char mpya imekauka hawangoji barua ya mtu.

Hapo ndipo yalipoingia mambo ninayotaka kuyasema. Kwa sheria yao ardhi mpya iliyotoka majini ni mali ya Serikali, nayo yapaswa kugawiwa wasio na ardhi. Wanaiita ardhi ya khas, na neno hilo ni ndugu wa neno letu "hasa", maana yote mawili yametoka katika Kiarabu. Lakini sheria ilikuwa mjini, na char zilikuwa mbali ng'ambo ya matope. Kabla karani hajafika, walifika wenye nguvu: matajiri wa mashamba wenye vijana wa marungu, na magenge yaliyokaa ndani ya msitu wa mikoko. Hao walikata viwanja na kuviuza kwa maskini, ingawa havikuwa vyao. Aliyelipa alipewa mahali pa kujenga kibanda. Mwaka wa pili aliambiwa alipe tena. Akikosa, nyumba iliteketezwa, au mpunga ulivunwa usiku na wengine. Na kati ya maskini na wenye nguvu alikuwako mtu wa kupeleka maneno na kupokea fedha, na huko Bengali jina lake ni dalal. Nadhani hakuna haja ya kulitafsiri.

Mtu anayekaa hivyo halimi kwa moyo. Hapandi mnazi, maana mnazi unangojewa miaka sita au saba, naye hana hakika ya mwaka ujao. Hachimbi bwawa, wala hainui sakafu ya nyumba. Bwana Shamba akimjia na habari za mbegu bora atamsikiliza kwa adabu, kisha atapanda kama alivyopanda jana. Nasi makarani tungemwandika kwamba ni mvivu.

Mwaka 1994 Serikali ya Bangladesh, ikisaidiwa na Uholanzi, ilianza mradi wa kuendeleza char na kuwakalisha watu rasmi. Mradi huo uliendelea kwa awamu kadhaa, ukahama kutoka char hata char: Char Majid, Boyer Char, Char Nangulia, Noler Char, Caring Char. Walijenga matuta ya bahari, malango ya maji, barabara, visima virefu, na shule za ghorofa ambazo siku ya tufani watu hukimbilia. Yote hayo ni mema, na picha zake ndizo zinazopendwa na wageni. Lakini mimi nasema kwamba kazi kubwa kuliko tuta ilikuwa ile iliyofanywa na wapima na makarani.

Walikwenda kiwanja kwa kiwanja, wakaandika nani anakaa wapi na tangu lini. Halafu ofisa wa ardhi alitoka ofisini, akaweka meza yake kijijini, mchana, mbele ya watu wote. Kila jamaa iliitwa kwa jina. Bwana na bibi walikuja pamoja, na jirani aliyekuwa na neno alilisema palepale akisikiwa na kila mtu. Dalali hapendi meza ya namna hiyo. Orodha ilipothibitishwa, bwana na bibi walitia sahihi au alama ya dole katika mkataba unaoitwa kabuliyat, yaani maandiko ya kukubali, na mwisho wake wakapewa hati ya daftari la ardhi, khatian. Shamba halikuzidi ekari 1 na nusu.

Na katika hati hiyo jina la bibi liliandikwa kwanza.

Kanuni ya Serikali yao ya mwaka 1997 ilikwisha sema kwamba ardhi hiyo ni ya mume na mke kwa pamoja, nusu kwa nusu. Watu wa mradi waliongeza hilo la kutanguliza jina lake, nami naona walikuwa na akili. Jina la pili katika karatasi ni kama mtu wa nyuma katika picha: ukitaka kumkata, unamkata. Jina la kwanza halikatiki bila kuharibu karatasi yote.

Hebu tupige hesabu kidogo, maana nilifundishwa ualimu na ualimu haujanitoka. Chukua shamba la ekari 1 na nusu lililoandikwa jina la mume peke yake. Akifa, kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu inayofuatwa huko, mjane mwenye watoto hupata sehemu moja ya nane. Hiyo haifiki hata robo ya ekari. Akiachwa angali hai, hapati ardhi yoyote. Lakini hati ikiwa ya wote wawili, nusu ni yake kabla ya kifo na baada ya kifo, tena sheria ya mirathi haikuguswa hata kidogo: bado anapata moja ya nane katika ile nusu ya marehemu. Hakuna shehe aliyekosewa na hakuna mtoto aliyenyimwa. Ni karani tu aliyeandika majina mawili badala ya moja.

Wako wanaume watakaosema kwamba jambo hili linaleta kiburi nyumbani. Mimi nawauliza: bwana akiwa Chittagong au Omani miezi kumi, ni nani anayelala na shamba? Ni nani anayekwenda katika mkutano wa lango la maji na kusema, "Fungueni leo, mpunga wangu unazama"? Mwenye hati anasema akiwa ameketi imara. Asiye na hati ataambiwa amngoje mumewe arudi, na maji hayamngoji mtu. Na dalali akitaka kuununua uwanja kwa siri kutoka kwa mume mmoja mwenye deni, sasa anakuta sahihi ni mbili. Naamini jina hilo limezuia mashamba mengi kuuzwa kuliko vile marungu ya polisi yangaliweza kuzuia.

Sisemi kwamba wamefanya yote sawasawa. Kanuni hiyo hiyo ya mwaka 1997 inasema kwamba mjane aweza kupewa ardhi ya khas akiwa na mwana wa kiume mwenye nguvu za kufanya kazi. Je, mwenye mabinti tu? Mwenye mwana mgonjwa? Mtu amefiwa na mume, amelimwa na mto, halafu anaulizwa mwanawe wa kiume yuko wapi. Kanuni hiyo ni mbaya, na wanawake wa huko pamoja na mawakili wao wamekwisha kuilalamikia.

Walipopata karatasi wakulima wa char walifanya nini? Kwanza walichimba. Walichimba bwawa kando ya nyumba, na udongo wake wakainua kiwanja cha nyumba kikawa juu ya mafuriko ya kawaida. Bwawa likapata samaki na maji ya kunyweshea mboga wakati wa kiangazi. Wakazungusha minazi na mipopoo, miti ya mtu anayetazamia kuwapo. Nyuma ya tuta la bahari mvua za kila mwaka zilisukuma chumvi chini na kuitoa kwa malango, na baada ya miaka michache wakaanza kupata zao la pili: soya, dengu za malisho, pilipili, na katika Subarnachar matikiti maji yanayopelekwa mpaka masoko ya Dhaka. Wengine walijifunza njia iliyotoka Indonesia iitwayo sorjan: unachimba handaki, udongo unaurundika tuta refu kando yake, halafu handaki jingine na tuta jingine. Juu ya tuta unapanda mboga, kando unasimamisha chanja za maboga na matango yatambae juu ya maji, na ndani ya handaki unafuga samaki. Mahali ambapo shamba ni ekari 1 na nusu, hata hewa iliyo juu ya maji hulimwa.

Kazi ya lango la maji haiishi. Lango hufunguliwa maji yakipwa ili maji ya mvua yatoke, na hufungwa maji yakijaa ili bahari isiingie. Upande wa nje tope halipumziki; mfereji usipozibuliwa unajaa, na lango linabaki mlango wa ukuta. Wao wanaita mfereji khal, na neno hilo limo ndani ya jina la wilaya yenyewe, Noakhali, mfereji mpya. Mwezi Agosti 2024 mafuriko makubwa yaliingia Noakhali na Feni. Huko Feni maji yalikuja kwa kishindo yakaondoka. Lakini sehemu nyingi za Noakhali yalikaa majuma mengi, kwa sababu mifereji ilikuwa imejaa tope au imejengwa maduka juu yake. Katika siku hizo hizo lango kubwa la Musapur lilibomoka, likachukuliwa na maji. Nimelitaja hili ili asiwepo wa kudhani kwamba karatasi inakausha shamba. Karatasi inampa mtu sababu ya kuamka kwenda kuzibua mfereji. Kuzibua kwenyewe ni jembe.

Wala haizuii mto. Caring Char, niliyoitaja juu, sehemu yake kubwa ilianza kuliwa tena na Meghna wakati mradi wenyewe ungali unaendelea. Watu waliokuwa wamepimiwa waliona vigingi vyao vikianguka majini. Sheria yao ya mwaka 1994 inasema kwamba ardhi iliyomezwa ikitokea tena ndani ya miaka 30, mwenyewe au warithi wake waweza kuidai. Lakini ataidai kwa maandishi. Kwa Kibengali maandishi ya namna hiyo huitwa dolil, nalo ni ndugu wa neno letu "dalili".

Sasa turudi mezani kwangu. Katika skimu zetu, barua nyingi za kwanza za kugawiwa shamba zilitolewa kwa jina la mwanamume mmoja. Huyo mwanamume amekwisha zeeka, au amekwisha kufa. Mwaka jana aliingia afisini mama mmoja kuuliza habari za mbolea. Nilimwomba karatasi za shamba, akafungua mfuko wa plastiki, akatoa hati yenye jina la mumewe aliyezikwa zamani. Shamba hilo amelilima tangu angali bibi arusi. Wanawe wawili hawasemezani, na kila mmoja amekwisha mleta mnunuzi wake kutazama mpaka. Mama akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, jina langu liko wapi?" Nilitazama ukurasa wa mbele na wa nyuma, ingawa nilijua halimo.

Sheria yetu haimkatazi mtu yeyote kuandika majina mawili. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba mali ya ndoa isiuzwe wala isiwekwe rehani bila ridhaa ya mume na mke. Hiyo ni ngao nzuri, lakini ni ya kupigania, na mahakamani ni mbali na nauli ni ghali. Jina lililokwisha andikwa halidai nauli.

Basi leo jioni, mkiisha kula, toeni hati mezani. Isomeni wote wawili, pasipo kunong'ona. Ikiwa ina jina la aliye hai, ulizeni katika afisi ya ardhi jinsi ya kuongeza jina la mwenziwe. Ikiwa ina jina la marehemu, anzeni kwa chifu mpate barua ya kwanza ya mirathi, na nendeni wote, mama, wana na mabinti, siku moja, ili kila mwenye neno aliseme hapo hapo.